Siku Mbili za Gereji

Bi Tatu alifariki mwaka jana, mvua za vuli zilipokuwa zimeanza kuchanganya. Binti yake Zena ndiye aliyenipigia simu. "Mwalimu," alisema, "Mama ametutoka." Nimestaafu siku nyingi, na hata baadhi ya wanafunzi wangu nao wamestaafu, lakini kwa Zena mimi ni Mwalimu tu, kama nilivyokuwa siku niliyofika kwao na sanduku langu la bati. Nilimwomba mjukuu wangu anipeleke. Tulitoka Kibaha asubuhi, tukakata kushoto Mlandizi, tukapita Mzenga na Maneromango, naye akawa analalamika njia nzima juu ya shokapu zake, kwa sababu barabara ile bado ina makorongo kama zamani. Nilikuwa nikitazama kila kilima na kujiuliza kama ndicho kile cha siku ile. Mkwajuni nilipokelewa vizuri, nikapewa nafasi kwenye mkeka karibu na wafiwa, na wanawake wa rika langu wakaja mmoja mmoja kunishika mkono na kunikumbusha hili na lile: nyimbo nilizowafundisha, ukanda wangu mwekundu wa kiunoni, siku nilipoanguka kisimani. Hakuna aliyetaja pikapu ya kijiji. Mbele ya nyumba, pale ilipokuwa ikiegeshwa, sasa pamepandwa mihogo.

Nilipangiwa Mkwajuni mwaka 1976, nikiwa nimetoka chuoni. Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wameacha mashamba yao ya mbali na minazi yao wakaja kujenga kwa mistari, nyumba kwa nyumba, na wengi walikuwa bado hawajazoea kumsikia jirani akikohoa. Nyumba ya mwalimu haikuwepo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mfaume, akanipa chumba kwake. Kilikuwa chumba kidogo, ukuta wa udongo, dirisha la ukubwa wa kitabu kikiwa wazi, na kilinuka moshi wa korosho kwa sababu Bi Tatu alizichoma uani nyuma yangu tu. Ukuta wa kati haukufika juu. Baina yake na makuti paliachwa nafasi ya kupitisha hewa, na pamoja na hewa yalipita maneno yote ya barazani. Mwanzoni niliona haya kusikia mambo ya watu. Baadaye nikazoea, na mwisho nikawa siwezi kulala kama sijasikia Mzee Mfaume akiwaaga wageni wake wa mwisho kwa ile sauti yake nyembamba, sauti ya mtu anayeomba radhi hata asipokosa.

Tulikula pamoja, wanawake kwenye sinia moja: Bi Tatu, mimi, na Zena alipokuja kwa mama yake kujifungua mimba yake ya kwanza, kama desturi yao ilivyotaka. Mume wake alikuwa akifanya kazi Dar. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na wachuuzi wa kutoka Ruvu walipopita na baiskeli zao tulikula kambale wa kukaushwa, na Bi Tatu alikuwa akikisukuma kichwa cha samaki upande wangu akisema, "Kula, mwanangu, weye ndiye mwenye kazi ya kutumia akili." Zena alikuwa akicheka mdomo umejaa. Yeye na mimi tulilala chumba kimoja, tukizungumza mpaka Bi Tatu agonge ukuta. Katika maisha yangu nimekula vyakula vizuri kuliko vile, katika nyumba nzuri kuliko ile, lakini kila nikisema neno "nyumbani" kuna sehemu yangu inayokwenda kwenye sinia lile.

Pikapu ililetwa masika yalipokwisha. Kijiji kilikuwa kimeuza korosho vizuri, wilaya ikaongezea, na siku moja ikaingia, mpya kabisa, rangi ya maziwa, viti bado vimefunikwa plastiki. Wanawake walipiga vigelegele mpaka watoto wangu wakatoka darasani bila ruhusa, nami nikatoka nyuma yao. Aliyeiendesha alikuwa Rajabu, kijana wa Mzenga aliyejifunza udereva na ufundi jeshini. Alishuka, hakumwangalia mtu, akazunguka gari lote akiligusa magurudumu, kisha akafungua boneti mbele ya watu wote na kuchungulia ndani kama vile safari ndiyo kwanza inaanza.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kila asubuhi watu walisimama na magunia yao, mama na mtoto mgonjwa mgongoni, mzee na fimbo yake, na Rajabu hakuwasha gari kwanza. Alifungua boneti. Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukitazama kwenye mwanga. Aliangalia maji ya rejeta. Alibonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Alitoa chujio la hewa na kulikung'uta vumbi kwenye goti lake, maana njia zetu zilikuwa za mchanga mtupu. Kisha akawasha, akasimama pembeni kimya, kichwa kimeinama, akisikiliza. "Dereva anaswali," watu walisema, na wengine walisonya. Yeye aliendelea kusikiliza. Nilimpenda kwa ajili ya kule kusikiliza. Sikuwa nimemwona mwanamume akisikiliza kitu namna ile.

Gari lilikuja na kitabu chake, kwa Kiingereza. Jioni moja Rajabu alikileta barazani, akapiga hodi, akamwamkia Bi Tatu, akabaki amesimama na kitabu amekishika kwa mikono miwili. "Mwalimu, naomba unisomee hapa." Nikasoma. Nilikuwa najua maneno bila kujua vitu, naye alikuwa anajua vitu bila kujua maneno. Nikisema "kisafisha hewa" alicheka, nikacheka na mimi, akanipeleka mpaka kwenye gari akanionyesha lile chujio. Tuliendelea hivyo jioni nyingi, mpaka kitabu kikaisha, kisha tukakianza upya ingawa hapakuwa na sababu. "Angalia," aliniambia siku moja, kifuniko cha injini kikiwa wazi baina yetu, "hii haitaki mambo makubwa. Inataka oili safi kwa wakati wake, maji, na mtu wa kuikagua kabla haijalia. Ikishalia, umeshachelewa." Hakuwa mzungumzaji. Yale yalikuwa maneno mengi kwake. Kabla ya Ramadhani alimtuma mjomba wake kuleta posa, na kwa kuwa wazazi wangu walikuwa mbali, Mzee Mfaume ndiye aliyeketi mahali pa baba yangu akampokea. Alipomaliza aliniita. "Huyu ana mdomo mgumu," akaniambia, "lakini mkono wake hauna hila. Nimekubali kwa niaba yako, mwanangu, kama nawe umekubali." Nikasema nimekubali.

Mdomo mgumu, ndiyo. Rajabu alizungumza na injini kwa upole kuliko alivyozungumza na watu. Siku moja bibi mmoja alimtaka ampelekee mikeka yake Maneromango, safari ya pili siku hiyohiyo. "Bibi, gari si punda," Rajabu akamwambia. Bibi akamjibu, "Punda nampa majani, wewe gari lako unalilisha nini, jeuri?" Watu walicheka wakashikana mabega, na kuanzia siku ile kila alipokataa jambo walimwita Jeuri. Hakujua kueleza. Alijua ni lazima oili imwagwe na kutiwa mpya, na alidhani kila mtu aliyeona gari anajua hivyo. Wao waliona gari linalokwenda vizuri na dereva asiyetaka liende.

Haja yake ilikuwa moja, na niliisikia kwa miezi kupitia juu ya ule ukuta.

"Mwenyekiti, naomba siku mbili. Nilipeleke Kibaha, gereji. Oili imekuwa nyeusi, filta imeziba, na mpira wa rejeta umeanza kuchoka."

"Siku mbili, Rajabu? Sasa hivi korosho zinanyeshewa. Wiki ijayo."

Wiki iliyofuata kulikuwa na mgonjwa. Wiki nyingine walikuja wageni wa wilaya, na ilibidi wachukuliwe Mzenga na kurudishwa. Ikaja harusi ya mtoto wa katibu wa kijiji, gari likapambwa kwa kanga likazunguka siku mbili nzima, zile zile siku mbili. Likaenda kuchukua mabati ya darasa langu, nami niliyashangilia mabati yale. Kila sababu ilikuwa njema. Nimekaa na jambo hili muda mrefu sasa na bado sijapata mtu mbaya ndani yake. Mzee Mfaume hakuwa mkaidi wala mjinga. Alikuwa mtu aliyehamisha watu kutoka kwenye makaburi ya wazee wao akiwaahidi kwamba kijijini watapata mambo, na pikapu ndilo jambo pekee lililokwisha kufika. Aliliona kama ahadi yake inayotembea. Angewezaje kumwambia mtu aende kwa miguu wakati ahadi imeegeshwa pale imekaa?

Rajabu aliniambia, "Mwambie wewe. Wewe unakula naye."

Nikamwambia Mzee, jioni, akiwa anatawadha. Alinisikiliza mpaka mwisho, birika mkononi.

"Mwalimu, Rajabu anasema kweli, najua. Lakini mtu akinijia na mgonjwa, nimwambie gari limelala?"

"Si wote wanaokuja na wagonjwa, Baba. Wengine wanakuja na mikeka."

Alicheka. Kisha akasema kwa ile sauti yake, "Na mwenye mikeka naye ni mtu." Lakini nadhani maneno yangu yalimwingia, kwa sababu siku chache baadaye nilimsikia kupitia ukutani akimwambia Rajabu, "Haya. Nenda Kibaha ukatafute hivyo vifaa vyako kwanza. Ukivipata, rudi, ulichukue gari lako siku mbili. Nimekuruhusu." Spea zilikuwa adimu mwaka ule, uliweza kwenda Kibaha ukakuta rafu tupu, ukaambiwa jaribu Dar. Na Rajabu hakutaka kulisafirisha gari mpaka kule na mpira unaovuja. Asubuhi alikabidhi ufunguo. "Mwenyekiti, isitoke hapa mpaka nirudi. Maji hayakai." Mzee akatia ufunguo mfukoni, akampa mkono. Rajabu akaondoka kwa miguu kuelekea Maneromango kutafuta lifti, na mimi nikamtazama mpaka alipokata kona. Sikumbuki kama alinipungia. Ningependa kukumbuka kwamba alinipungia.

Uchungu ulimpata Zena siku iliyofuata, kabla ya wakati wake. Hadi jua lilipopanda mkunga alikwisha toka nje mara mbili kumnong'oneza Bi Tatu, na mara ya tatu alimwambia Mzee waziwazi, "Huyu si wangu. Mpelekeni hospitali, Maneromango." Mzee Mfaume alitoa ufunguo mfukoni. Mpwa wake Athumani aliwahi kuendesha trekta, akakaa kwenye usukani. Walijaza maji kwenye rejeta mpaka yakamwagika, wakapakia na madebe mawili ya akiba, wakamlaza Zena nyuma kwenye godoro. Bi Tatu alishika kichwa chake, mimi miguu. Mzee alikaa mbele na Athumani.

Kwa muda mrefu gari lilikwenda. Nilianza hata kufikiri kwamba Rajabu amezidisha hofu zake. Kisha tukaanza kupanda, na harufu ikaja, ile harufu tamu ya maji yanayoungua, na mvuke ukawa unatoka pembeni ya boneti. Tulisimama, wakatia debe moja la maji. Tukaenda tena. Zena alikuwa hapigi kelele tena, analia chinichini kama mtoto aliyechoka kulia, na hilo lilinitisha kuliko kelele. Kioo cha nyuma kilikuwa wazi, nikamsikia Athumani: "Mjomba, mshale umefika kwenye nyekundu. Tusimame ipoe."

Mzee aligeuka akamtazama mwanawe kupitia kile kidirisha. Niliona uso wake. Akasema, "Twende."

Ningekuwa mimi ningesema vilevile. Na Rajabu, nadhani, angesema vilevile. Hakuna mzazi ambaye angekaa kando ya njia akingoja chuma kipoe. Siku ile hapakuwa na la kuchagua. Siku za kuchagua zilikuwa zimepita zamani, siku za mikeka na za kanga kwenye boneti, siku ambazo hakuna mtu aliyekuwa analia. Injini iligonga, mlio mzito ambao niliuhisi kwenye meno, ikagonga tena mfululizo, kisha ikanyamaza yote kwa pamoja, na tukasikia ndege. Athumani aligeuza ufunguo. Haikuzunguka hata kidogo.

Wanaume walikata miti, wakafunga kanga zetu kuwa machela, wakambeba Zena. Watu wa mashamba ya jirani walisikia mayowe wakaja kupokezana. Tulifika Maneromango alasiri. Zena aliokoka. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima wa viungo vyote, na hakulia. Muuguzi aliniambia polepole kwamba laiti tungefika mapema kidogo, kisha akajiona amesema sana, akaacha. Nilidhani niko peke yangu naye mlangoni. Lakini Mzee Mfaume alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilipogeuka nikajua amesikia.

Wanaume walimzika mtoto jioni ile. Asubuhi tulimwacha Bi Tatu na Zena, sisi wengine, pamoja na jamaa waliotufuata kutoka kijijini, tukaanza kurudi kwa miguu, na kwenye kile kilima tukamkuta Rajabu. Alikuwa amepata lori la mkaa, likapita Maneromango bila kusimama. Mpira mpya wa rejeta ameuvaa begani, filta na kopo la oili viko chini kwenye majani, na boneti iko wazi. Hakuwa amekutana na mtu wa kumweleza. Alikuwa ameona tu kitu chake njiani, kimeungua. Alipotuona alinyooka, mikono myeusi, na hata shikamoo hakutoa.

"Mmeiua!" alipiga kelele. "Nilisema isitoke! Mmeiua wenyewe, kwa mikono yenu!"

Mzee Mfaume alisimama. Alikwenda kando ya barabara akakaa kwenye mchanga, kama mtu aliyeambiwa akae. Athumani alimrukia Rajabu akamkunja shati. "Unajua tunatoka wapi? Unajua tunatoka kuzika nini?" Niliona Rajabu akinitafuta mimi kwa macho, na nikamwona akielewa kutoka usoni kwangu. Mpira ulidondoka begani. "Mzee," alisema, "mzee, samahani, sikujua, Wallahi sikujua..." Mzee aliinuka, akainua kiganja kumnyamazisha, akampita bila kumtazama. Sisi sote tukamfuata. Na mimi pia nikamfuata, kwa sababu ndiye aliyefiwa.

Tulipoingia kijijini maneno yalikuwa yamekwisha badilika. Rajabu alisema "mmeiua", pikapu, injini. Kijiji kizima kilisikia "mmemuua". Silabi moja tu. Huenda aliyekuwa nyuma kabisa hakusikia vizuri, huenda mtu aliisahihisha kwa makusudi, au huenda masikio ya watu waliotoka kuzika hayakuweza kusikia vingine. Kufikia jioni, Rajabu alikuwa ni mtu aliyemtukana mzee wa watu kwamba amemuua mjukuu wake mwenyewe.

Bwana mmoja alitumwa kutoka wilayani kuja kuuliza habari za gari. Mkutano ulifanyika darasani kwangu, chini ya mabati mapya, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Katibu alieleza kwamba dereva aliliacha gari bovu akaenda zake Kibaha kutembea. Rajabu akasema alikuwa ameruhusiwa na Mwenyekiti. Yule bwana akamgeukia Mzee Mfaume. "Ni kweli ulimruhusu?"

Mzee alikuwa akitazama ubao, ambako nilikuwa nimesahau kufuta hesabu za darasa la pili.

"Sikumbuki kama nilimruhusu," alisema.

Nilisimama. Nilikuwa msichana mgeni, lakini nilisimama nikasema kwamba nilisikia kwa masikio yangu akiruhusiwa, kwamba alikuwa akiomba siku mbili tangu mwanzo wa msimu, na kwamba siku ile kilimani alisema "mmeiua" wala hakusema "mmemuua". Kisha mtu nyuma akasema, "Mwalimu anamtetea mchumba wake," na darasa zima likacheka, kile kicheko cha watu waliokuwa wanatafuta mahali pa kupumulia. Sikupata tena nafasi ya kusema. Rajabu aliondolewa kazi siku ileile. Gari lilivutwa baada ya muda mpaka mbele ya nyumba ya Mwenyekiti lingoje injini nyingine, na injini nyingine haikuja.

Hakuna aliyenifukuza. Bi Tatu aliporudi na Zena alinikumbatia, na Zena akalazwa chumbani kwa mama yake. Lakini wakati wa chakula ulipofika, chakula changu kililetwa chumbani kwangu, kwenye sahani, kimefunikwa vizuri kwa kawa. Kesho yake vilevile. Kilikuwa chakula kilekile, pengine hata nyama zilikuwa nyingi zaidi. Niliwasikia wao uani wakila, na vijiko, na Bi Tatu akimbembeleza Zena ale. Nilikaa kitandani na sahani yangu mapajani nikashindwa kumeza. Mchana mmoja, wakidhani nimekwenda shule, niliwasikia wazee barazani.

"Mwite Rajabu, mwambie neno moja tu," Bi Tatu alikuwa akisema. "Moja tu, Baba Zena. Unajua ulimpa ruhusa. Ulikuja ukanieleza mimi mwenyewe."

Nilisikia Mzee akisogeza kiti chake.

"Nikisema Rajabu alikuwa na haki," alijibu, "basi ni mimi niliyemzika mtoto wa Zena. Nitakaa vipi na Zena humu ndani?"

Mimi nilibaki nimekaa upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nimekuja kijijini pale nikiamini kwamba ukweli ukisemwa kwa sauti, mbele ya watu, kazi yake imekwisha. Nilikuwa nimeusema. Ulikuwa umebaki palepale niliposimama.

Rajabu alipata kazi Ruvu, kwenye mitambo ya maji. Nilimfuata mwisho wa mwaka, nilipokwisha pewa uhamisho wa kwenda Kibaha. Tulikaa nje ya kibanda chake, mashine zikinguruma nyuma yetu, akanipa chai ya rangi. Alikuwa amekonda. Tulizungumza habari za mashine. Aliniambia zile pampu zinatunzwa kwa ratiba na hakuna anayebisha. Kisha, bila kuulizwa, akasema, "Ilikuwa injini nzuri ile, Salima. Nimeshika injini nyingi. Ilikuwa haina kasoro. Ingefanya kazi miaka na miaka." Nikamuuliza habari zetu. Alichezea kikombe.

"Ulisimama mbele ya watu kwa ajili yangu," alisema. "Sitasahau. Lakini kila nikikuona namwona yule mzee amekaa mchangani. Nimejaribu."

Nilimwambia muda utapita. Akasema pengine. Hatukugombana, ingekuwa rahisi kama tungegombana. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanisimamishia basi, akanifungia dirisha kwa sababu ya vumbi. Aliniandikia mara mbili, kisha akaacha. Mimi niliolewa na mtu mwema, nikazaa, nikafundisha Kibaha mpaka nikastaafu. Nilisikia kifo cha Rajabu kwenye matangazo ya vifo redioni, nikiwa nachambua mchele, na nikaendelea kuuchambua mpaka nikamaliza, kwa kuwa sikuwa na haki ya kukaa msibani kwake.

Siku ya tatu ya msiba wa Bi Tatu watu walipungua, tukabaki na Zena kwenye mkeka. Ana wajukuu sasa. Aliniambia jambo ambalo sikuwa nalijua: kwamba baba yake, alipougua ugonjwa wake wa mwisho, alituma mtu Ruvu kumwita Rajabu, na Rajabu akaja na baiskeli.

"Nikafikiri leo yatasemwa," Zena alisema. "Nikapika, nikakaa karibu makusudi. Wakazungumza mvua. Wakazungumza bei ya korosho. Rajabu akaaga. Akiwa anafunga mzigo wake kwenye baiskeli, Baba akamuuliza pale mlangoni, 'Rajabu, ile pikapu, ningekupa zile siku mbili, ingepona?'"

"Akasemaje?"

"Alifunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. Akasema, 'Hapana, mzee. Ilitoka na ubovu wake ndani. Hata ungenipa mwezi, ingekufa tu.'" Zena alinyoosha ukingo wa mkeka. "Baba alilala mchana ule usingizi wa kukoroma. Nilikuwa sijamsikia akilala mchana tangu nikiwa msichana."

Nilitazama mikono yangu. Zena alikuwa amenigeukia kabisa.

"Mwalimu, wewe ulisoma naye kile kitabu. Ulikuwa unaelewa mambo yake. Ni kweli ilikuwa mbovu tangu mwanzo? Au alisema tu kumfurahisha mgonjwa?"

Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo uani walikuwa wakibishana juu ya sufuria la mtu. Niliwasikiliza kwa muda.

"Rajabu hakujua kumfurahisha mtu," nikamwambia. "Kama alisema ilikuwa mbovu, ilikuwa mbovu."

Zena alivuta upindo wa kanga yake akajifuta uso, upande mmoja, kisha wa pili.

"Kumbe si Baba," alisema.

"Si yeye," nikasema. "Si yeye, Zena."